Nusu ya Mwaka Ndiyo Wakati wa Kuipanga Kodi ya Mapato

Watu wengi hukutana na kodi yao ya mapato mara moja tu kwa mwaka, siku wanapojaza ritani, na siku hiyo hakuna kinachoweza kupangwa tena. Mapato yamekwisha kupokelewa, michango ya pensheni imefungwa, mali iliyouzwa imeuzwa, na kilichobaki ni kujumlisha na kutoa. Ndugu na marafiki wanaoniomba msaada wa hesabu hizi huwa nawaambia waniletee karatasi zao mwaka ukiwa nusu, kwa sababu wakati huo miezi iliyopita inatoa takwimu halisi, na miezi iliyobaki bado inaweza kugeuzwa. Anayekuja wiki moja kabla ya siku ya mwisho ya ritani naweza kumsaidia kuandika alichokwisha kukifanya, basi.

Kabla ya yote ni lazima kujua nusu ya mwaka iko wapi, maana mwaka wa kodi haufuati kalenda kila mahali. Kenya, Marekani, Kanada, Ufaransa na Ujerumani humhesabia mtu binafsi mapato yake kuanzia Januari hadi Desemba, hivyo nusu inafika mwishoni mwa Juni. Uganda na Australia huanza Julai 1, na kwao Juni 30 ndiyo siku ya kufunga. India huanza Aprili 1, Afrika Kusini Machi 1, na Uingereza huanza Aprili 6, tarehe ya ajabu inayotokana na marekebisho ya kalenda ya mwaka 1752, yaliyoondoa siku 11 na kuisogeza mbele siku ya zamani ya kufunga hesabu. Kwa mlipakodi wa Uingereza, basi, haya ninayoyaandika ni ya mapema Oktoba, na kwa yule wa Australia ni ya mwisho wa Desemba. Aliyehama nchi katikati ya mwaka, au anayepata mapato katika nchi mbili, huenda akawa na miaka miwili ya kodi inayopishana, na asipokuwa mwangalifu atajikuta akiripoti mapato yaleyale mara mbili au kuyaacha kabisa.

Kazi inaanzia kwenye hati ya mshahara. Chukua ile ya mwezi uliopita na uisome yote. Kwa kawaida upande mmoja kuna takwimu za mwezi, na pembeni yake kuna safu ya jumla tangu mwaka uanze. Wengi hutazama mstari wa chini tu, ule wa fedha zinazoingia benki, kisha karatasi huwekwa kando. Tunachokitaka sisi ni ile safu ya jumla: mshahara ghafi, posho, saa za ziada, marupurupu yasiyo ya fedha kama nyumba au gari la mwajiri, mchango wa pensheni, bima, na kodi iliyokatwa. Hakikisha kwamba unafuu unaostahili umetolewa kila mwezi, na kwamba mchango wa pensheni uliondolewa kabla ya kodi kukokotolewa pale ambapo sheria inaruhusu hivyo. Angalia pia kama marupurupu uliyoyaacha, tuseme gari ulilolirudisha miezi mitatu iliyopita, bado yanahesabiwa kuwa sehemu ya mapato yako. Kosa la aina hiyo likigunduliwa mwaka ukiwa nusu, ofisi ya mishahara hulirekebisha katika malipo ya mwezi unaofuata bila usumbufu mkubwa. Likigunduliwa baada ya mwaka kufungwa, huwa dai la marejesho, na madai ya marejesho hayana haraka.

Kisha ongeza kila kisichoonekana kwenye hati hiyo: kodi ya nyumba unayopangisha, riba ya benki, gawio la hisa, kazi za pembeni, malipo yanayopitia mitandao ya intaneti, mauzo ya kiwanja. Ukizidisha miezi sita kwa mbili hutapata jibu sahihi, kwa kuwa mapato mengine huja kwa msimu na bonasi huja mara moja. Andika mwezi kwa mwezi kile unachokitarajia, na penye shaka andika kiasi cha juu, kwa sababu ni afadhali kukosea kwa kujiwekea akiba kubwa mno.

Tuchukue mfano wenye tarakimu, kwa sarafu yoyote ile. Tuseme sheria ya nchi fulani haitozi kodi kwa 300,000 za kwanza za mapato ya mwaka, inatoza asilimia 10 kwa 300,000 zinazofuata, asilimia 20 kwa 400,000 zinazofuata, na asilimia 30 kwa kila kinachozidi 1,000,000. Mwajiriwa wetu analipwa 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka. Kodi ya mshahara huo ni 30,000 za daraja la pili na 72,000 za daraja la tatu, jumla 102,000, na mwajiri humkata 8,500 kila mwezi. Hati ya mwezi wa sita inaonyesha makato ya 51,000, naye anaona kila kitu kiko sawa. Lakini ana kazi ya pembeni iliyomwingizia 120,000 katika miezi sita, anatarajia kiasi hichohicho katika miezi inayokuja, na gharama halali za kuifanya kazi hiyo ni 40,000 kwa mwaka mzima. Faida ya 200,000 inaongezwa juu ya mshahara, jumla inafika 1,160,000, na kodi yake inakuwa 158,000. Pengo ni 56,000.

Pengo hilo likijulikana wakati huu, dawa yake ni kutenga takriban 9,350 kwa mwezi kwa miezi sita. Likijulikana siku ya ritani, ni deni la mkupuo mmoja, pengine na adhabu na riba juu yake. Tazama pia jinsi ile faida ya 200,000 ilivyotozwa. Sehemu ya 40,000 iliangukia daraja la asilimia 20, na 160,000 zilizobaki ziliangukia asilimia 30. Ukigawanya kodi yote kwa mapato yote utapata wastani wa chini ya asilimia 14, na wastani huo hausaidii katika uamuzi wowote. Uamuzi hufanywa kwa kiwango kinachogusa shilingi ya mwisho unayoipata, ambacho kwa mwajiriwa huyu ni 30. Akichangia 160,000 katika pensheni inayoondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, anaokoa 48,000. Akichangia zaidi ya hapo, kila 100 anayoiongeza inamwokolea 20 tu, na hapo ndipo penye kituo cha kujiuliza kama fedha hizo hazina kazi nyingine ya maana zaidi.

Napenda kukaa kidogo kwenye jambo hili la mipaka ya madaraja, kwa kuwa ndipo palipo na hofu isiyo na msingi na pia mitego ya kweli. Hofu isiyo na msingi ni ile ya mtu anayekataa nyongeza ya mshahara akidhani kwamba kuingia daraja la juu kutamrudisha nyuma. Katika mfumo wa madaraja, kiwango cha juu hutoza ile sehemu iliyozidi mpaka peke yake, na nyongeza hubaki nyongeza. Mitego ya kweli iko mahali ambapo unafuu au posho ya serikali hupunguzwa mapato yanapofika kiasi fulani. Uingereza kuna kiwango kisichotozwa kodi cha pauni 12,570, ambacho huanza kupunguzwa pauni moja kwa kila pauni mbili zinazozidi 100,000 za mapato, hadi kiishe kabisa kwenye 125,140. Ndani ya ukanda huo mtu hulipa kwa hakika asilimia 60 ya kila pauni ya ziada, ingawa kiwango kilichoandikwa ni 40. Huyohuyo akiwa na watoto wadogo, posho ya watoto ilikwisha kuanza kumponyoka tangu mapato ya mzazi mmojawapo yalipovuka 60,000. Mtu wa aina hii akigundua katikati ya mwaka kwamba anaelekea 108,000, mchango wa pensheni wa 8,000 una thamani kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Kila nchi yenye unafuu unaopungua ina ukanda kama huo, na inafaa kuutafuta ulipo kabla ya bonasi kuingia.

Makato yanayotolewa kwenye mapato, ambayo si ile kodi anayoikata mwajiri, na unafuu visichanganywe. Makato ya aina hii, kama mchango wa pensheni au riba ya mkopo wa nyumba pale inaporuhusiwa, hupunguza mapato yanayotozwa kodi, hivyo thamani yake hutegemea daraja lako. Unafuu hupunguza kodi yenyewe, na thamani yake ni ileile kwa mwenye mshahara mdogo na mkubwa. Kenya, kwa mfano, humpa kila mkaazi unafuu binafsi wa shilingi 28,800 kwa mwaka, ambao hupunguza kodi moja kwa moja, huku mchango wa pensheni, hadi shilingi 30,000 kwa mwezi tangu mwishoni mwa Desemba 2024, na riba ya mkopo wa nyumba, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, huondolewa kwenye mapato. Kikomo cha mwezi kinastahili kutazamwa kwa makini. Mahali ambapo sheria inapima kwa mwezi, mwajiriwa aliyelala miezi sita asitegemee kuchangia mara mbili katika miezi iliyobaki na kuhesabiwa kana kwamba alianza Januari.

Pensheni ndiyo nyenzo kubwa kuliko zote kwa mwajiriwa wa kawaida, na ndiyo inayodai muda kuliko zote. Michango inayokatwa kwenye mshahara haiwezi kufanywa kwa siku moja. Marekani, michango ya mfanyakazi katika 401(k), mpango wa pensheni wa kazini, hupitia malipo ya mshahara ya mwaka wenyewe, na anayeamua mwezi Desemba hubaki na mshahara mmoja au miwili ya kukatwa. Akaunti binafsi za kustaafu za huko, tofauti na hizo, hupokea mchango wa mwaka uliopita hadi siku ya ritani katikati ya Aprili, na Kanada hutoa siku 60 baada ya mwaka kuisha kwa mpango wake wa akiba ya kustaafu. Australia na Uingereza huruhusu, kwa masharti, nafasi isiyotumika ya miaka ya nyuma iletwe mbele. Ukishajua ni nyenzo ipi hufungwa siku ya mwisho ya mwaka na ipi huongezewa muda, utajua fedha zielekezwe wapi kwanza: kwenye ile inayofungwa mapema.

Hapa lazima niseme msimamo wangu, kwa sababu washauri wengi hulipita jambo hili haraka. Kutumia 100 ili kuokoa 30 ya kodi ni kutoa 70 mfukoni. Kama 70 hiyo imenunua kitu ulichokihitaji, au imekaa katika pensheni yako mwenyewe, vema. Kama imenunua bima usiyoihitaji au kifaa cha ofisi kitakachokaa kabatini, umepoteza. Familia yenye deni la riba kubwa, au isiyo na akiba ya miezi michache ya dharura, kwa maoni yangu imalize hayo kwanza, hata kama kodi yake itakuwa juu kidogo mwaka huu. Fedha za pensheni kwa kawaida hazifunguliwi kwa sababu mtoto ameugua.

Tukirudi kwenye kodi inayokatwa, ikumbukwe kwamba mwajiri hukadiria kwa kile anachokiona yeye. Mwenye kazi mbili ana waajiri wawili, na kila mmoja anaweza kumkata kana kwamba mshahara wake ndio pekee, akimpa kiwango kisichotozwa kodi au unafuu mara ya pili. Jumla ya mishahara miwili huangukia daraja la juu kuliko kila mmoja ukiwa peke yake, na pengo hujitokeza siku ya ritani. Wanandoa wanaotozwa kwa pamoja hupatwa na jambo hilohilo. Nchi nyingi zinaruhusu mfanyakazi aombe makato ya kodi kwenye mshahara yabadilishwe wakati wowote wa mwaka. Marekani hufanya hivyo kwa fomu ya W-4, na huko kuna faida isiyojulikana sana: kodi iliyokatwa kwenye mshahara huhesabiwa kuwa ililipwa kwa usawa mwaka mzima, hata kama nyingi ilikatwa katika miezi ya mwisho. Mwenye kazi ya pembeni aliyekosa malipo ya awamu za mwanzo anaweza kuongeza makato ya mshahara nusu ya pili ya mwaka na kuziba pengo bila adhabu ya kuchelewa.

Asiye na mwajiri wa kumkata hulipa kwa awamu. Tarehe ni ngumu kuliko zinavyoonekana, kwa sababu hazigawanyi mwaka sawasawa. Kenya, mwenye mwaka wa Januari hadi Desemba hulipa tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Marekani ni tarehe 15 ya Aprili, Juni na Septemba, na awamu ya nne hufuata Januari. Tanzania hufuata robo za mwaka, na makadirio yaliyowasilishwa mwanzoni yanaweza kurekebishwa hali ikibadilika. Uingereza hudai Januari 31 na Julai 31, kwa kufuata kodi ya mwaka uliotangulia, na ambaye mapato yake yameshuka anaweza kuomba apunguziwe, ingawa akipunguza kupita kiasi atalipa riba ya tofauti.

Mapitio ya nusu mwaka yana faida ya pekee kwa watu hawa. Biashara ikiwa imedorora, kuna sababu gani ya kuendelea kulipa awamu zilizokadiriwa kwa mwaka wa neema? Ikiwa imestawi, afadhali kujua sasa. Marekani humsamehe adhabu aliyelipa kwa wakati angalau asilimia 90 ya kodi ya mwaka huu, au asilimia 100 ya kodi ya mwaka uliopita, ambayo hupanda kuwa 110 kwa wenye mapato yaliyozidi dola 150,000 mwaka huo. Kipimo cha mwaka uliopita kinanipendeza kwa sababu ni namba inayojulikana tayari. Mwenye mapato yasiyotabirika hulipa kiasi hicho na kulala usingizi, kisha hutenga kando atakachodaiwa zaidi.

Wanaofanya kazi za kandarasi huniambia mara nyingi kwamba kodi yao ilikwisha kukatwa na mteja. Kodi ya zuio si lazima iwe kodi ya mwisho. Kenya humkata mkaazi asilimia 5 ya ada ya kitaalamu, na asilimia hiyo ni malipo ya awali tu, ambayo yataondolewa kwenye kodi kamili inayokokotolewa kwa madaraja. Mwenye mapato mazuri atadaiwa zaidi. Ushauri wangu kwao ni wa kimitambo kabisa: fungueni akaunti ya pili ya benki, na kila malipo yanapoingia, hamisheni humo siku hiyohiyo asilimia iliyo sawa na daraja lenu la juu ukitoa kilichozuiwa na mteja. Fedha zikibaki kwenye akaunti ya matumizi, zitatumika.

Upande wa familia, swali la kwanza ni kama sheria inamtoza kila mtu peke yake au inawatoza wanandoa kwa pamoja, kwa kuwa ushauri unaofaa katika mfumo mmoja hauna maana katika mwingine. Uingereza imewatoza mume na mke kila mmoja kivyake tangu Aprili 1990. Ujerumani huwaruhusu wanandoa kujumlisha mapato, kuyagawa nusu kwa nusu, na kutozwa kila nusu kivyake, utaratibu unaowanufaisha hasa wale ambao mmoja anapata kingi na mwingine kidogo. Ufaransa hugawa mapato ya kaya kwa idadi ya sehemu, ambapo watoto wawili wa kwanza huhesabiwa nusu sehemu kila mmoja na wa tatu sehemu nzima.

Mahali ambapo kila mtu anatozwa kivyake, mwenye mali ndiye mwenye mapato. Akiba iliyoko kwa jina la mwenye mshahara mkubwa hutozwa kwa daraja la juu, na ikiwa kwa jina la mwenzi asiye na mapato huenda isitozwe kabisa. Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kubadilisha majina, na hapo pia ndipo sheria inapowasubiri. Kanada humrudishia mtoaji mapato ya mali aliyompa mwenzi wake, na Uingereza humtoza mzazi riba ya akiba aliyompa mtoto wake mdogo ikizidi pauni 100 kwa mwaka. Tena, mali iliyohamishwa imehamishwa kweli. Ndoa ikivunjika, karatasi haitakumbuka kwamba lengo lilikuwa kodi. Jambo la namna hii huzungumzwa na mwenzi mezani, kwa uwazi, huku wote wawili wakiyaona makaratasi, kwa sababu nimeona familia ambamo mmoja tu ndiye anayejua nywila na namba zote, na akipatwa na jambo wengine hawajui hata pa kuanzia.

Mabadiliko ya maisha yaliyotokea tangu mwaka uanze yaorodheshwe bila kungoja: ndoa, talaka, mtoto kuzaliwa, mtoto kuvuka umri wa kutegemea wazazi, kifo, kustaafu, kupoteza kazi, kununua nyumba. Marekani hutazama hali yako ya ndoa ilivyo Desemba 31 na kuihesabu kwa mwaka mzima, na mtoto anayefikisha miaka 17 kabla ya mwaka kuisha humwondolea mzazi unafuu wa mtoto kwa mwaka wote, hata kama siku yake ya kuzaliwa ni ya mwezi wa mwisho. Aliyehamia nchi nyingine azihesabu siku zake. Nchi nyingi hutumia siku 183 kuwa mojawapo ya vipimo vya ukaazi, na aliyekaa nchini tangu Januari 1 hadi Juni 30 amefikisha siku 181 katika mwaka wa kawaida. Yaani uamuzi wa kupanda ndege mwisho wa Juni au wiki ya pili ya Julai unaweza kuamua kama mapato yake ya dunia nzima yatatozwa huko, na tiketi hainunuliwi kwa kuangalia nauli peke yake.

Kuhusu mali na hisa nitasema machache. Faida hutozwa pale unapouza, hivyo tarehe ya kuuza iko mikononi mwako. Marekani, mali iliyoshikwa zaidi ya mwaka mmoja hutozwa viwango vya chini, na mwenye hisa alizozinunua Agosti iliyopita anaweza kunufaika sana kwa kungoja wiki chache. Hasara inaweza kufidia faida, lakini ukiuza kwa hasara na kununua hisa hizohizo ndani ya siku 30, kabla au baada, hasara hiyo haihesabiwi mwaka huo. Usiuze hisa nzuri kwa ajili ya kodi tu.

Kuna wanaofurahia marejesho makubwa kila mwaka. Kwa hesabu, hiyo ni fedha yako iliyokaa serikalini bila riba, na katika nchi ambako marejesho huchelewa ni afadhali makato yapunguzwe sasa. Hata hivyo sigombani sana na asiyeweza kuweka akiba kwa njia nyingine, mradi anajua anachokifanya.

Kumbukumbu ni kazi ya kuchosha inayolipa kuliko ujanja wowote. Risiti nyingi za mashine huchapishwa kwa joto, na maandishi yake hufifia. Risiti ya dawa au ya vifaa iliyokaa kwenye gari tangu Februari, ukiitoa Juni, mara nyingi utakuta jina la duka linasomeka na kiasi kimebaki kivuli. Ipige picha siku unayoipokea, ipe jina lenye tarehe na kiasi, uiweke kwenye folda ya mwezi wake. Gharama za matibabu, ada za mafunzo, sadaka kwa taasisi zinazotambuliwa, safari za kikazi, vyote hivi hukataliwa kwa kukosa karatasi hata pale ambapo sheria iko upande wako. Mwaka ukiwa nusu bado unaweza kumwendea aliyekulipa au kukuuzia na kuomba nakala. Baada ya mwaka mmoja na nusu, pengine duka lenyewe limefungwa.

Mwisho, sheria zenyewe hubadilika mwaka ukiendelea, na makadirio ya Juni yanaweza kupitwa. Kenya ilishusha kiwango cha juu kutoka asilimia 30 hadi 25 mwezi Aprili 2020, ikakirudisha Januari 2021, kisha Julai 2023 ikaongeza madaraja ya 32.5 na 35. Marekani ilipitisha sheria Julai 4, 2025 iliyogusa mapato tangu Januari ya mwaka huohuo. Kwa hiyo weka siku ya pili kwenye kalenda, yapata miezi miwili kabla ya mwaka wa kodi kufungwa, na urudie karatasi ileile ukiwa na takwimu mpya. Kama mambo yako yana kampuni, mirathi, au nchi mbili, mtafute mshauri wa kodi aliyesajiliwa sasa, wakati bado ana nafasi ya kukusikiliza, na umpelekee ritani ya mwaka uliopita, hati ya mshahara ya mwezi uliopita, taarifa za benki za miezi sita, na orodha yako ya mabadiliko ya maisha. Muulize bei yake kabla hajaanza.